Sura ya Sita: Saa Kumi Jioni

Jumanne ya tarehe 17 Machi 2020, Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza mambo ambayo serikali ilikuwa inayasimamisha kwa sababu ya corona. Shule kuanzia za awali hadi kidato cha sita zilifungwa kwa siku 30. Mikusanyiko ya hadhara ikapigwa marufuku. Ikaja zamu ya michezo: Ligi Kuu, Daraja la Kwanza, Daraja la Pili, pamoja na mashindano ya wanafunzi, UMITASHUMTA na UMISSETA. Mgonjwa wa kwanza nchini alikuwa ametangazwa siku moja tu nyuma. Majaliwa wakati huo alikuwa mbunge wa Ruangwa, mkoani Lindi, na Ruangwa ndiko inakotoka Namungo FC, timu ambayo msimu ule ilikuwa inaionja Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, tena kwenye uwanja wenye jina la Majaliwa. Aliyeufunga mpira alikuwa mtu wa mpira.

Siku tisa kabla ya tangazo hilo, Jumapili ya tarehe 8 Machi, Yanga ilikuwa imeifunga Simba 1-0 kwa mpira wa adhabu wa Bernard Morrison, Rais John Magufuli akiwa jukwaani na uwanja umefurika. Ukizitazama leo picha za siku ile, jicho haliendi kwenye mpira. Linakwenda kwenye mabega ya watu yaliyobanana.

Kenya nayo ilikuwa imemtangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi. Ligi ikasimama, na mwisho wa mwezi, tarehe 27, ikaja kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 30 Aprili rais wa shirikisho la soka la Kenya (FKF), Nick Mwendwa, akatangaza kwamba msimu umekwisha hapo ulipofikia na kwamba Gor Mahia ndio mabingwa. Kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi ikapinga, mabishano yakaenda kwenye baraza la kusuluhisha migogoro ya michezo, na wakati wakubwa wanabishana juu ya kombe, viwanja vya mitaa ya Eastlands, Nairobi, vilikuwa kimya.

Majirani wengine walifuata njia zao. Uganda ilifuta sehemu iliyobaki ya msimu mwezi Mei na kuwapa Vipers ubingwa. Rwanda ikafanya vivyo hivyo kwa APR. Ethiopia ilifuta msimu bila kumpa mtu kombe. Burundi iliendelea kucheza hadi Aprili, wakati karibu dunia nzima imeshasimama, na kwa majuma machache watu wa Ulaya waliokosa cha kutazama wakajikuta wanafuatilia ligi za Belarus, Nicaragua na Burundi. Sidhani kama mji wa Ngozi, Burundi, umewahi kutajwa mara nyingi kiasi kile katika vibanda vya kubeti vya dunia.

Sura hii haihusu hao. Inahusu timu ambazo hakuna tangazo lililozitaja kwa jina, kwa sababu hakuna ofisi inayozijua zote: timu za mtaa, za kata, za kijiwe, za soko, zinazocheza mchangani na kwenye vumbi. Marufuku iliposomwa ziliguswa pamoja na wengine. Ruhusa iliposomwa, ilionekana wazi kwamba ruhusa peke yake haikuwa inatosha kuzirudisha.

Namanga ni mji mmoja wenye bendera mbili. Upande mmoja ni wilaya ya Longido, mkoa wa Arusha. Upande wa pili ni kaunti ya Kajiado. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya iliufunga mpaka huo kwa watu, ikaacha malori ya mizigo tu yapite kwa masharti ya vipimo. Siku tano baadaye, tarehe 21 Mei, Magufuli alitangaza kwamba michezo itarudi tarehe 1 Juni, sambamba na vyuo na wanafunzi wa kidato cha sita. Kuanzia siku hiyo kijana wa Namanga ya Tanzania aliweza kwenda uwanjani bila kuvunja sheria ya mtu. Mwenzake wa ng'ambo ya kizuizi, pengine binamu yake wa damu, alipaswa kusubiri. Ligi kuu ya nchi yake ingerudi tarehe 28 Novemba, na madaraja ya chini nyuma ya hapo.

Kwa hiyo, bila mtu yeyote kupanga, Afrika Mashariki ilifanya jaribio ambalo mtaalamu asingeruhusiwa kulifanya: mpira uleule, watoto walewale, umaskini uleule, upande mmoja ukasimama siku 76 na mwingine miezi zaidi ya minane.

Tuanze na upande ulioanza mapema. Mpango wa kwanza wa Tanzania ulikuwa kuzikusanya timu za Ligi Kuu Dar es Salaam na za madaraja ya chini Mwanza, zimalize mechi zilizobaki mahali pamoja. Vilabu vya mikoani vikanung'unika, na vilikuwa na haki: nani angelipa malazi ya watu 30 kwa mwezi mzima na zaidi? Mpango ukabadilishwa, kila timu ikarudi nyumbani kwake. Tarehe 13 Juni Yanga walikuwa Shinyanga wakicheza na Mwadui. Tarehe 28 Juni Simba wakatoka sare ya 0-0 na Tanzania Prisons kule Mbeya, ikawatosha kuwa mabingwa. Tarehe 12 Julai wakawafunga Yanga 4-1 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Tarehe 2 Agosti, mjini Sumbawanga, wakacheza fainali na Namungo, wakashinda 2-1. Ndiyo, Namungo ileile ya Ruangwa. Ilimaliza msimu wake wa kwanza nafasi ya nne, ikakata tiketi ya Afrika.

Ni rahisi kuisoma orodha hiyo kama hadithi ya ushindi, na wengi waliisoma hivyo. Mimi siwezi. Takwimu za mwisho za serikali zilikuwa zimetoka tarehe 29 Aprili: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo hesabu ikaacha kutolewa kwa umma. Tulirudi uwanjani bila kujua tunarudi kwenye nini, na kilichozuiwa kuhesabiwa hakiwezi kutumiwa kuthibitisha kwamba hakikuwepo. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kidogo zaidi, nacho kinahusu vilabu, si ugonjwa: siku 76 ni muda ambao timu ya mtaa inaweza kuuvumilia. Miezi minane ni jambo jingine.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi tufungue begi la timu.

Timu ya mtaa ina mali gani? Seti moja ya jezi, ikiwa na bahati mbili, moja imepauka. Mipira miwili na pampu. Nyavu ambazo hazikai uwanjani kwa sababu zitaibwa. Huletwa zimekunjwa kwenye kiroba na kurudi zimekunjwa kwenye kiroba. Daftari la michango, ambalo katibu hulitunza kwa siri kubwa kuliko inavyostahili. Haina uwanja wake, maana uwanja ni wa shule, wa serikali ya mtaa, au wa mtu ambaye bado hajaamua kujenga. Usajili wenyewe mara nyingi haupo. Sheria zinataka klabu isajiliwe, Tanzania kwa msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, Kenya chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, lakini timu nyingi hukumbuka jambo hilo pale tu zinapotaka kuingia ligi ya wilaya au kaunti.

Mali halisi iko mahali pengine. Ni ile desturi kwamba ikifika saa kumi jioni watu fulani watakuwa mahali fulani. Fundi gereji ananawa mikono kwa sabuni ya unga na kuaga. Dereva wa bodaboda anakataa abiria wa mbali. Mama wa mihogo anasogeza jiko lake kutoka kituoni kwenda pembeni ya uwanja kwa sababu anajua wanakuja. Mzee mmoja ambaye hajawahi kucheza anafika kabla ya wote na kukalia jiwe lake. Hakuna aliyesaini mkataba. Hakuna anayelipwa, ukiacha refa, naye hulipwa kwa kutembeza kofia. Kwa klabu ya kampuni au ya jeshi, mechi ni kazi ambayo klabu huifanya. Mishahara, basi na uwanja vipo hata mechi isipochezwa. Kwa timu ya mtaa mechi ndiyo klabu yenyewe. Ukiiondoa, hakibaki kitu cha kufunga wala cha kufungua.

Ndiyo maana nadhani tulikosea kuuliza lini mpira utaruhusiwa. Swali lenye maana lilikuwa: desturi hii inaweza kukaa muda gani bila kutumika kabla ya kila mtu kupata kitu kingine cha kufanya saa kumi jioni?

Katika miji ya Kenya jibu lilionekana mapema. Kafyu ilibana siku. Kibarua wa mjengo aliyekuwa akitoka kazini saa kumi sasa alikuwa na saa tatu tu za kutafuta usafiri, kununua unga na kufika nyumbani kabla polisi hawajaingia barabarani. Hata mpira ungeruhusiwa, nafasi ya kuucheza ingetoka wapi? Wengine walipoteza vibarua wakarudi ushago. Wengine waliobaki walishika pikipiki, na pikipiki haipumziki jioni, maana jioni ndiyo yenye abiria. Timu ya watu 22 ikisambaa namna hiyo, hakuna tangazo la waziri linaloirudisha. Kocha anapoita mazoezi, wanakuja 9.

Ardhi nayo haikusubiri. Baadhi ya kaunti zilihamishia masoko ya mboga kwenye viwanja vya michezo ili wauzaji wakae mbalimbali, hatua ya busara kabisa kiafya. Lakini kila aliyekulia Nairobi au Dar es Salaam anajua kwamba kinachokilinda kiwanja cha wazi dhidi ya mabati ya mtu ni miguu ya watoto. Hati haipo, ukuta haupo. Kuna watu wanaocheza hapo kila siku na watakaopiga kelele. Kiwanja kikinyamaza nusu mwaka, wa kwanza kukikumbuka si mchezaji.

Kuna jambo moja ambalo masikini wa mpira walikuwa nalo bora kuliko matajiri, na sikuona likisemwa vya kutosha. Wataalamu walishaeleza kwamba virusi hivi huenea zaidi ndani, kwenye hewa isiyotembea, kuliko nje. Hatari kubwa ya mpira, basi, haikuwa dakika 90 za kukimbia kwenye upepo. Ilikuwa chumba cha kubadilishia nguo, basi, na chumba cha hoteli cha watu wawili. Timu ya mchangani inabadilisha nguo chini ya mwembe. Kwa kipimo cha kitaalamu, ule mwembe ulikuwa salama kuliko vyumba vingi vya viwanja vya taifa. Hatari ya timu ya mtaa ilianza pale inapoalikwa mechi ya mbali, watu 25 wakajibana kwenye Hiace moja, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, wakiimba njia nzima. Mwongozo mzuri kwa timu hizo ungekuwa na mistari mitatu: chezeni na jirani mnayemfikia kwa miguu, fungueni madirisha, anayekohoa abaki nyumbani. Badala yake miongozo mingi iliandikwa kana kwamba kila klabu ina daktari, kipimajoto na akaunti ya kulipia vipimo. Kumpima mchezaji mmoja katika hospitali binafsi ya Kenya mwaka 2020 kuligharimu maelfu ya shilingi. Zidisha kwa kikosi, zidisha kwa mechi, na utaona kwa nini viongozi wa timu ndogo waliusoma mwongozo mara moja, wakaukunja.

Hata ile nafuu iliyotolewa na wenye sheria za mpira, IFAB, tarehe 8 Mei 2020, ya kubadilisha wachezaji 5 badala ya 3, ilikuwa ya dunia nyingine. Kubadilisha 5 kunahitaji uwe nao.

Mwili una kalenda yake pia. Pumzi ya mchezaji huanza kushuka ndani ya majuma mawili au matatu tangu aache mazoezi, na kasi ya kurudi kwake ni ndogo kuliko kasi ya kuondoka. Kinachodanganya ni kwamba kijana aliyebeba mawe ya mjengo miezi sita haonekani dhaifu. Kifua kimepanuka, mikono imekomaa. Lakini kubeba mawe hakumwandai kwa ile mbio ya ghafla ya mita 20 na kusimama papo hapo. Msuli wa nyuma ya paja ndio hulipa deni hilo. Ujerumani, ambako Bundesliga ilirudi tarehe 16 Mei 2020 ikiwa ya kwanza miongoni mwa ligi kubwa za Ulaya, wachezaji walikuwa na makocha wa viungo, vifaa vya mazoezi majumbani na wapishi, na bado majeraha kwa kila mechi yalipanda katika raundi za mwanzo. Sasa mfikirie beki wa Kawangware, Nairobi, au Tandale, Dar es Salaam, anayerudi kwenye mechi yake ya kwanza bila hata juma moja la mazoezi mepesi, kwenye uwanja mgumu, na mechi yenyewe ni ya kuwania mbuzi. Hawezi kuikosa. Anakimbia dakika kumi, anashika paja, anatolewa, na kesho yake pikipiki haiwashwi. Kwa aliyekuwa ameugua corona yenyewe tahadhari ilipaswa kuwa kubwa zaidi, kwa sababu madaktari waliona kwamba kwa baadhi ya watu ugonjwa huo huvimbisha misuli ya moyo. Ushauri wao ulikuwa kupumzika, kisha kurudi kidogokidogo. Lakini ambaye hakupimwa alijuaje kwamba alikuwa ameugua? Wengi walisema ni mafua, wakafunga kamba za viatu.

Kenya iliporudi, ilirudi kwa mguu wa klabu yake kubwa zaidi ya wananchi. Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968, haina tajiri mmoja anayeimiliki. Ina mashabiki, na katika miezi ile ya ukame uongozi uliwategemea hao kwa michango ya simu. SportPesa ilikuwa imejiondoa mwaka 2019, ikaacha vilabu vingi bila mshahara hata kabla ya corona. Mwaka 2020 akaja mdhamini mpya, Betsafe, kwa Gor na AFC Leopards, na ligi nzima ikapata BetKing kwa mkataba uliotangazwa kuwa wa miaka mitano na shilingi bilioni 1.2. BetKing iliondoka baada ya mwaka mmoja.

Mechi ya kwanza ya ushindani kwa Gor baada ya miezi zaidi ya minane haikuwa ya ligi. Tarehe 28 Novemba walikuwa Kigali kucheza na APR katika Ligi ya Mabingwa Afrika, wakafungwa 2-1. Wiki iliyofuata wakawageuza Nairobi, 3-1, na kwa jioni moja ilionekana kana kwamba kusimama kote kule hakukuwa na madhara. Halafu, siku moja baada ya Krismasi, CR Belouizdad wakawafunga 6-0 kule Algiers. Wapo waliosema ni uchovu wa safari, wapo waliosema ni mishahara. Sioni haja ya kuchagua. Klabu iliyokaa muda ule bila mechi wala mapato ya mlangoni ilikuwa na matatizo yote mawili, na mengine ambayo hayakufika magazetini.

Namungo nao, msimu huohuo, walionja upande mwingine wa kurudi. Februari 2021 walisafiri hadi Luanda, Angola, kucheza na Primeiro de Agosto katika Kombe la Shirikisho Afrika. Walipofika, baadhi ya watu katika msafara wao wakaambiwa wana virusi na kuwekwa karantini, mechi haikuchezwa. Mwishowe shirikisho la soka la Afrika, CAF, likaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Azam, Chamazi. Namungo wakashinda ya kwanza 6-2, wakafungwa ya pili 3-1, wakaingia hatua ya makundi kwa jumla ya 7-5. Nchi iliyoacha kuhesabu wagonjwa ilikutana na nchi iliyokuwa ikihesabu, na timu ya Ruangwa ndiyo iliyokaa katikati.

Kisha Kenya ikafunga tena. Tarehe 26 Machi 2021, siku moja baada ya timu ya taifa, Harambee Stars, kutoka sare ya 1-1 na Misri pale Kasarani, Rais Uhuru Kenyatta alizifungia kaunti tano, Nairobi ikiwemo, na michezo ikasimama. Ligi ilirudi katikati ya Mei. Muda ulikuwa mfupi safari hii, lakini nadhani kwa timu ndogo kufungwa kwa pili kuliuma kuliko kwa kwanza. Mara ya kwanza watu waliamini wataitwa. Mara ya pili, kocha aliyekuwa ametumia miezi mitatu kuwakusanya vijana mmoja mmoja, kwa simu na kwa kwenda hadi kijiweni, alilazimika kuanza upya, na uvumilivu wa mtu una mwisho.

Waliopotea zaidi walikuwa wasichana. Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020. Madarasa machache ya mitihani yalirudi Oktoba, na wengine wote hadi tarehe 4 Januari 2021. Mpira wa wasichana hapa kwetu umeegemea shule kuliko wa wavulana. Mvulana akikosa shule bado ana mchangani. Msichana akikosa shule, jioni yake ina ndoo ya maji, mdogo wa kubebwa na jiko la kuwashwa, na ruhusa ya kwenda uwanjani, ambayo mwalimu wa michezo alikuwa anaiombea kwa mzazi, haina tena wa kuiomba. Wengine walipata mimba, wengine wakaozwa, wengine walianza kazi za ndani mjini. Ndiyo maana Septemba 2021 Vihiga Queens wa Kenya walipotwaa ubingwa wa CECAFA, ukanda wa Afrika Mashariki na Kati, na kufuzu kwa Ligi ya Mabingwa ya kwanza ya wanawake Afrika, iliyochezwa Misri Novemba, nilifurahi kwa namna iliyochanganyika na hesabu. Nilijiuliza ni Vihiga Queens wangapi walioishia jikoni mwaka 2020.

Pesa zilikuwepo. Juni 2020 FIFA iliidhinisha mpango wa nafuu ambao ulimpa kila mwanachama wake ruzuku ya dola milioni 1, na dola 500,000 nyingine kwa ajili ya mpira wa wanawake pekee. Sitaingia kwenye mahesabu ya mashirikisho. Wakaguzi wanayo kazi yao, na Kenya mvutano wa serikali na shirikisho ulifika mbali: Novemba 2021 Waziri wa Michezo, Amina Mohamed, aliuvunja uongozi wa FKF, Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na kifungo hakikuondolewa hadi Novemba 2022. Ninachosema ni jambo la muundo. Pesa kama hizo hushuka kwa ngazi, kutoka Zurich kwenda makao makuu, kisha vilabu vya ligi kuu, na ngazi yenyewe huishia hapo. Timu isiyosajiliwa haina akaunti ya kupokelea, na isiyo na akaunti haimo kwenye orodha. Labda mipira mitano kwa kila kata, na gunia la chokaa, vingefanya kazi kubwa kuliko ruzuku nzima ya ofisi.

Linganisha na Marine, klabu ndogo ya Crosby, karibu na Liverpool, iliyokuwa daraja la nane Uingereza. Januari 2021 ilipangwa kucheza na Tottenham ya José Mourinho katika Kombe la FA, kwenye uwanja wake mdogo ambao uzio wake umepakana na bustani za watu, na mashabiki hawakuruhusiwa kuingia. Wakauza tiketi ambazo hazimwingizi mtu popote, kwa pauni 10, zikanunuliwa 30,697. Wakafungwa 5-0 na wakawa salama kifedha. Wanunuzi walikuwa na kadi za benki, na walikuwa na habari kwamba Marine ipo, kwa sababu klabu hiyo ina jina, anwani na daraja kwenye mfumo unaofika hadi juu. Kwetu simu ya kutuma pesa kila mtu anayo, pengine tumewatangulia Waingereza kwa hilo. Kilichokosekana ni jina upande wa kupokea.

Tuje sasa kwenye timu zilizorudi vizuri, maana zipo. Mathare Youth Sports Association, MYSA, ilianzishwa Nairobi mwaka 1987 na Bob Munro, Mkanada aliyeguswa na watoto wa Mathare waliokuwa wakicheza kwa mpira wa makaratasi. Tangu mwanzo iliweka kanuni ambayo bado naiona kuwa ya akili kuliko nyingi nilizosoma: timu inayosafisha mtaa inapata pointi kwenye msimamo wa ligi. Unaweza kufungwa Jumamosi na kupanda Jumapili kwa kuzoa taka. Kutoka humo ilizaliwa Mathare United mwaka 1994, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Jumuiya ya namna hiyo haitegemei mpira pekee kukutana. Vivyo hivyo timu nyingi za Tanzania ambazo ni vyama vya kufa na kuzikana kabla ya kuwa timu: wanachanga msibani, wanakopeshana, wanabeba jeneza pamoja. Mechi ziliposimama, misiba haikusimama, kwa bahati mbaya, na daftari la katibu liliendelea kuandikwa. Siku ya kurudi uwanjani wachezaji walikuwa bado wanajuana kwa madeni. Nimezungumza na viongozi wa timu za pande zote mbili za mpaka, na wale waliorudi na kikosi chao karibu kizima walikuwa na jambo hilo, kwa sura moja au nyingine. Waliokuwa na mechi tu walirudi na nusu.

Kuna anayeweza kunipinga kwa mfano wa Shabana, na ni mfano mzuri. Klabu hiyo ya Kisii, iliyoanzishwa mwaka 1980, ilishuka kutoka ligi kuu mwaka 2006 na haikurudi hadi 2023. Miaka 17 nje, ndani yake kuna corona, vifungo viwili vya michezo na FIFA kuifungia nchi. Iliporudi, Uwanja wa Gusii ulijaa watu ambao wengine hawakuwa wamezaliwa iliposhuka. Ikiwa desturi ndiyo mali ya klabu ya wananchi, hii iliishije? Jibu langu ni kwamba nje ya ligi kuu si nje ya mpira. Wakati wote huo kulikuwa na mechi za madaraja ya chini, mbele ya watu wachache, dhidi ya timu ambazo majina yake hayakutangazwa redioni, na baba aliyekwenda alimchukua mwanawe.

Miezi minane ya 2020 ilikuwa ya namna nyingine. Hakukuwa na mechi mbaya ya kumpeleka mtoto. Wale waliokuwa na umri wa miaka minane wakati huo, ambao ndio wangeanza kuokota mipira nyuma ya goli, sasa ni vijana wa kusajiliwa na timu za mtaa. Makocha wanaowapokea wanasema wana miguu mizuri na simu nzuri, na kwamba kazi ngumu ni kuwafanya wafike kwa wakati.